Papa Leo XIII na Shamba la Maskini

Mnamo mwaka 1841, katika mji wa Perugia, Italia, ambao siku hizo ulikuwa chini ya utawala wa Papa, padre kijana aliyewekwa kuwa liwali wa jimbo aliletewa habari kwamba mikate inauzwa pungufu ya uzito ulioamriwa. Yasimuliwa kwamba alikwenda mwenyewe kwa mwokaji, akaipima yote. Na ile iliyopungua aliitwaa akawagawia maskini. Padre huyo ni Gioacchino Pecci, mzaliwa wa Carpineto tarehe 2 Machi 1810, ambaye baadaye aliitwa Papa Leo XIII.

Mwaka 1843 alipelekwa Ubelgiji awe Balozi wa Papa. Ilikuwa nchi ya viwanda na migodi ya makaa ya mawe, ambamo hata watoto waliajiriwa. Mwaka 1845 Karl Marx naye alihamia Brussels, hata kwa muda wa karibu mwaka mzima watu hao wawili waliishi mji mmoja, wakiwa na taabu ile ile ya vibarua mbele ya macho yao. Marx alitoa tangazo lake la kikomunisti mwaka 1848. Pecci alikuwa amekwisha kurudi Perugia, akawa Askofu huko kwa miaka 32.

Alichaguliwa kuwa Papa tarehe 20 Februari 1878. Mwaka huo huo Mapadre Weupe wa kwanza walishika njia ya Bagamoyo kuja bara. Na mwaka 1888 aliwaandikia Maaskofu wa Brazili kulaani utumwa. Maana kabla ya kuuliza mali ni ya nani, yapasa ijulikane kwamba mtu si mali.

Barua yake iliyo mashuhuri kupita zote, Rerum Novarum, ilitoka tarehe 15 Mei 1891. Wasoshalisti, na wakomunisti waliowazidi kwa ukali, walitaka ardhi na viwanda viondolewe mikononi mwa watu binafsi. Leo alimtazama kibarua anayejinyima, akaweka akiba, akanunua shamba. Shamba hilo, alifundisha, ni ujira wake uliogeuka sura tu. Anayemnyang'anya shamba amemnyang'anya ujira, pamoja na tumaini la kuwaachia watoto wake kitu. Tena jamaa ilikuwako kabla ya serikali.

Lakini mabepari nao hawakusalimika. Hao walidai kwamba mshahara wa haki ni ule uliopatanwa, basi. Leo alikataa: mapatano ya mwenye njaa si mapatano huru, na mshahara sharti umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Kadiri ya mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwenye mali anayo haki ya kuimiliki, bali katika kuitumia aihesabu kuwa ya wote, awe mwepesi kuwagawia wahitaji. Akataka pia sheria zisaidie watu wengi iwezekanavyo wapate mali yao wenyewe. Twakiri kwamba wengi wanaoitaja barua hii hukumbuka nusu yake: tajiri hushika habari za haki ya mali, mtumishi wake habari za mshahara. Msoshalisti alitaka kulitwaa shamba la maskini. Bepari alihakikisha kwamba halinunui kamwe.

Leo alifariki tarehe 20 Julai 1903, mwenye umri wa miaka 93. Mnamo Mei 2025 Papa mpya alijichagulia jina la Leo XIV, akaitaja barua ile ya 1891 kuwa sababu mojawapo.