Kuwaandaa Watoto kwa Meza ya Bwana: Maisha ya Alexander Mackay

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 12:24–27, Kum. 6:4–9, Yn. 13:1–17, 1 Kor. 11:23–29.

Katika Sabato ya Meza ya Bwana, huko Segese kama kwingineko, familia huketi pamoja kanisani. Baada ya kutawadhana miguu, mashemasi hupitisha mkate na divai isiyochachuka. Mtoto ambaye hajabatizwa hutazama sinia likipita mbele yake, kisha humgeukia mama yake na kuuliza kwa nini yeye hakupewa. Swali hilo si utovu wa adabu. Tangu usiku wa Pasaka ya kwanza Mungu alijua kwamba watoto wangeuliza, akawaagiza wazazi wawe na jibu (Kut. 12:26, 27). Maisha ya mmisionari mmoja aliyefia upande wa kusini wa Ziwa Viktoria yanaonyesha mahali jibu hilo linapoandaliwa.

Shule ya nyumbani

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Hadi umri wa miaka 14 mtoto huyo alifundishwa nyumbani. Walipotembea pamoja, baba alisimama njiani na kuchora mavumbini kwa fimbo yake, mara hesabu, mara safari za Livingstone katika Afrika. Mama naye alimsimulia habari za wamisionari kama zawadi ya kujifunza vema somo lake la Biblia. Mwaka 1865 mama huyo alifariki, akamwachia mwanawe Biblia yake.

Wazazi hao hawakujua kwamba ile michoro ya mavumbini ilikuwa ikimwandaa mtoto wao kwa safari ya kweli. Walifanya tu kile ambacho Kumbukumbu la Torati 6 inaagiza: kunena na mtoto waketipo nyumbani na watembeapo njiani.

Fundi aliyefundisha

Mackay alisomea uhandisi. Mwaka 1876 alifika Zanzibar akiwa ametumwa na chama cha kimisionari cha Kanglikana, CMS, na mwaka 1878 akaingia Buganda. Hakuwa Mwadventista, ujumbe wa Waadventista ulifika Upare mwaka 1903, miaka 13 baada ya kifo chake. Wala hakuwa mchungaji. Maisha yake yote alibaki fundi wa chuma, mbao na uchapaji.

Vijana na watoto wa jumba la kabaka walimfuata karakanani. Yeye alipokuwa akifua chuma, wao walisoma herufi alizozichapa kwa mtambo wake mdogo. Waganda watano wa kwanza wa misheni hiyo walipobatizwa, tarehe 18 Machi 1882, aliyewabatiza alikuwa mchungaji mwenzake, Philip O'Flaherty. Kwa kuwa hakuwekewa mikono, Mackay hakusimama mezani kuumega mkate. Sehemu yake ilikuwa kuwaandaa watu hadi siku ile ifike. Ndiyo sehemu ya kila mzazi. Mchungaji au mzee wa kanisa huongoza huduma kwa saa chache katika kila robo ya mwaka. Maandalizi ya mtoto hufanyika siku zilizobaki, nyumbani.

Swali lililokuja mapema

Mwaka 1884 Mwanga alitawazwa kuwa kabaka, na hofu juu ya wageni ikaongezeka. Januari 1885 vijana watatu wa misheni walikamatwa: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Lugalama alikuwa bado mtoto. Mackay na mwenzake Robert Ashe walikwenda kuwaombea, wasisikilizwe. Tarehe 31 Januari wote watatu waliuawa kwa kuchomwa moto.

Wazazi wengi hufikiri kwamba mtoto ataelewa msalaba akishakua. Lugalama hakupewa nafasi ya kukua. Si kila mtoto atapimwa kwa moto, lakini kila mtoto huulizwa mapema yeye ni wa nani: shuleni, machimboni, katikati ya marafiki. Kumfundisha maana ya mwili uliovunjwa na damu iliyomwagika si jambo la kungojea mwaka wa ubatizo wake.

Usambiro

Mwaka 1887 Mackay alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko aliendelea kufua chuma, kuchapa na kufundisha. Miongoni mwa kazi zake za mwisho ilikuwa kuitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda, Injili pekee inayosimulia jinsi Bwana alivyojifunga kitambaa na kuwatawadha wanafunzi wake miguu. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 40.

Nyumbani kabla ya Sabato

Familia inaweza kuanza maandalizi juma zima kabla ya Meza ya Bwana. Jioni moja, someni Yohana 13, kisha leteni beseni na taulo. Baba aliyetoka shambani au machimboni na vumbi miguuni aoshwe na mwanawe, naye amwoshe mtoto. Ikiwa mzazi amemkosea mtoto, amwombe msamaha. Hapo mtoto ataelewa unyenyekevu kuliko kwa maelezo mengi. Jioni nyingine, kandeni pamoja unga, maji, mafuta na chumvi bila hamira, mwoke mkate mdogo wa kujifunzia, na kueleza kwa nini chachu, mfano wa dhambi, haimo.

Mtoto akiuliza kwa nini asubiri, asiambiwe tu kwamba yeye ni mdogo. Aambiwe kwamba mkate huo ni wa wale waliojitoa kwa Yesu katika ubatizo, kwamba kutazama kwake ni sehemu ya kujifunza, na kwamba nafasi yake inamngojea. Akionyesha nia, apelekwe katika darasa la ubatizo, na mzazi aendelee kusoma naye nyumbani. Kungoja kwa namna hiyo hakumfungii mtoto mlango. Humwonyesha njia ya kuingia.

Maswali ya Kujadili

1. Baba yake Mackay alifundisha kwa fimbo na vumbi. Ni vitu gani vya kila siku katika mazingira yenu vinavyoweza kumfundisha mtoto maana ya Meza ya Bwana?

2. Soma 1 Wakorintho 11:28. Mzazi awezeje kumfundisha mtoto kujihoji bila kumtia hofu?

3. Kanisa lenu lifanye nini kwa mtoto anayetazama sinia likipita, hasa yule ambaye wazazi wake hawaji kanisani?