Dokta Bleek na walimu wake wa buloko

Wasomaji wetu, kila mutu mu makambi ya kazi analijua neno bantu. Tunalisikia mu redio, mu kanisa, mu kalasi: sisi ni Bantu, luga zetu ni za kibantu. Lakini watu kidogo tu wanajua ni nani aliyeliandika mu buku kama jina la jamaa kubwa ya luga. Ni Mjerumani mmoja, Wilhelm Bleek, aliyekufa ku Cape Town mwaka wa 1875. Walimu wa luga za Afrika wanamuhesabu kati ya baba wa kazi yao.

Tumechagua maisha yake juu ya swali moja ambalo wazazi mingi wanajiuliza. Mutoto amemaliza lisansi. Badala ya kutafuta kazi ku kampuni, anasema anataka kuendelea mpaka doktora, tena si doktora ya mawe wala ya dawa, ni ya luga: luga za zamani, namna zilivyogeuka, na hadisi za wazee. Ile masomo ni ya nini? Maisha ya Bleek yanajibu, na yanaonyesha pia hatari zake.

Mutoto wa profesa

Wilhelm Bleek alizaliwa Berlin tarehe 8 mwezi wa tatu 1827. Baba yake, Friedrich Bleek, alikuwa profesa wa mambo ya Biblia ku inivesite ya Bonn. Mutoto naye alianza na theolojia na Kiebrania, na njo Kiebrania kilimufungulia mulango wa Afrika. Wakati ule wataalamu walikuwa wanatafuta kujua kama luga za Afrika ziko na udugu na Kiebrania na luga ya Misri ya kale. Bleek akaenda Berlin, ambako nyuma ya doktora alisoma Kimisri cha kale kwa Profesa Lepsius, akaanza kukusanya maneno ya luga za Afrika yaliyoletwa na wasafiri.

Mwaka wa 1851 alipata doktora ku Bonn. Buku yake aliiandika kwa Kilatini, sawa desturi ya masomo ya wakati ule. Alikuwa analinganisha namna luga za kusini mwa Afrika, Kikopti, Kiebrania na dugu zake zinavyopanga majina ya vitu mu makundi. Alitaka kuonyesha kwamba luga ya Wakhoikhoi wa kusini imetoka fasi moja na luga za kaskazini. Wataalamu waliokuja nyuma hawakukubali. Lakini njia aliyoshika, ya kuweka luga mbali mbali kando kando na kuuliza zimetoka wapi, ilimufikisha mbali kupita jibu lake la kwanza.

Kazi hiyo inafanywa namna gani? Tuchukue mfano mu kinywa chetu wenyewe. Ku barabara za Lubumbashi na Likasi tunasema mutu, batu. Mu barua na mu gazeti tunaandika mtu, watu. Muluba anasema muntu, bantu. Mubemba anasema umuntu, abantu. Ku Kinshasa wanasema moto, bato. Muzulu, kule mbali ku kusini, anasema umuntu, abantu. Tazama na meno: kwa Kibemba ni ameno, kwa Tshiluba menu, kwa Lingala mino.

Neno moja linaweza kufanana bure. Linaweza pia kuchukuliwa kwa jirani, sawa vile tulichukua buku na kalasi kwa Wazungu. Lakini maneno ya mwili na ya jamaa yakifanana, na tena mwanzo wa neno ukigeuka kwa sheria moja, mu- kwa mutu mmoja na ba- kwa watu mingi, hapo si bahati. Luga hizo zilitoka mu nyumba moja. Mwanafunzi wa doktora anapanga maneno mustari kwa mustari, anatafuta sheria ya kugeuka kwao, kama vile mutu wa jeolojia anavyopanga vipande vya mawe kutoka mashimo mbalimbali mpaka ajue mushipa wa shaba unapita wapi.

Kutoka mu buku kufika ku watu

Bleek aliona mapema kwamba maneno ya wasafiri hayatoshi. Mwaka wa 1854 alipanda meli ya safari ya muto Niger, lakini homa ilimurudisha Ulaya mbele ya kuanza kazi. Ku Uingereza alijuana na Askofu Colenso wa Natal, na mwaka wa 1855 akaenda naye kuandika gramere ya Kizulu. Alitembea mu vijiji, akala na watu, akasikiliza, akafika mpaka kwa Mfalme Mpande wa Wazulu.

Kisha akaenda Cape Town. Gavana George Grey alikuwa na vitabu mingi sana vya luga za ulimwengu, akamupa Bleek kazi ya kuvipanga na kuvilinda. Ile njo ilikuwa kazi yake ya mushahara mpaka kufa. Usiku na mapema aliandika buku yake kubwa ya kulinganisha luga za Afrika ya kusini. Sehemu ya kwanza ilitoka 1862, mwaka aliomuoa Jemima Lloyd. Ya pili ilitoka 1869. Humo alilitumia neno bantu kuita jamaa nzima ya luga. Alitia pia namba ku makundi ya majina, na wataalamu wengine wakaziongeza. Mpaka leo mwanafunzi wa luga ku Lubumbashi ao ku Dar es Salaam anasema kundi la 1 ni mu-, kundi la 2 ni ba-. Hesabu hiyo ilianza na Bleek.

Hapa inafaa kusema na ubaya wake. Bleek, sawa Wazungu mingi wa wakati wake, aliamini kwamba mataifa ya watu yamepangwa mu ngazi, wengine juu, wengine chini. Aliandika pia kwamba luga za kibantu, kwa kuwa hazigawanyi majina mu kiume na kike, haziwezi kuzaa hadisi kubwa za jua, mwezi na nyota. Mzee yeyote anayeimba kasala mu matanga ya Baluba angemunyamazisha. Bleek alikuwa anapima akili ya watu kwa gramere, na hapo alikosea kabisa.

Neno lake nalo likamukimbia. Mwaka wa 1953, miaka mingi nyuma ya kufa kwake, serikali ya ubaguzi ya Afrika ya Kusini ilitia jina la Bantu ku sheria ya masomo iliyowapa watoto weusi kalasi za chini. Lakini hapa kwetu, mu Elisabethville ya 1945, Padri Tempels alikuwa ametia neno hilo hilo ku kichwa cha buku yake, kusema kwamba watu hawa wako na filozofia yao.

Wapasua mawe

Ku bandari ya Cape Town kulikuwa buloko moja inaitwa Breakwater. Wafungwa walikuwa wanapasua mawe na kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Ninyi munajua namna kazi ya mawe inavyokula mwili. Mwaka wa 1870 Bleek alisikia kwamba kati yao kuna wanaume 28 wa taifa la ǀXam. Ile mustari mbele ya jina ni sauti ya kugonga ulimi, sauti ambayo sisi hatuna mu luga zetu. Hawa walikuwa wawindaji wa nchi kavu ya ndani, Wazungu waliwaita Bushmen. Wafugaji wa kizungu walikuwa wamechukua maji yao na inchi yao, na nyama wa pori wakamalizika kwa bunduki. Wengine waliiba kondoo juu ya njaa, wakafungwa minyororo, wakaletwa ku mawe.

Bleek alijua kwamba luga yao inakufa pamoja nao. Akaacha buku ya luga za kibantu katikati, na hakuimaliza tena. Akaomba gavana ruhusa ya kukaa na wafungwa wachache mu nyumba yake ya Mowbray, si kwa kazi ya mikono tu, lakini juu wamufundishe. Mwezi wa nane 1870 akafika kijana, ǀA!kunta. Mwezi wa pili 1871 akafika Mzee ǁKabbo.

Jina ǁKabbo maana yake ni ndoto. Alikuwa amefungwa kwa wizi wa nyama wa kufugwa. Alikuwa mutu wa hadisi, mwenye kukumbuka na mwenye subira. Alikuwa anasimulia, kisha anangoja mpaka waandike, ndipo anaendelea. Kifungo chake kilipokwisha mu 1871, angeweza kurudi kwa bibi yake. Alibaki mpaka mwezi wa kumi 1873. Alitaka hadisi za watu wake zijulikane kwa njia ya vitabu. Alitumaini pia kupewa bunduki, juu mzee asiyeweza tena kukimbia nyuma ya nyama apate chakula mu inchi yake.

Kati ya wote walioandika, mwenye kazi kubwa zaidi alikuwa Lucy Lloyd, shemeji yake Bleek. Hakuwa na doktora. Bleek alikamata zaidi gramere na diksionere. Lucy alikaa na wazee akaandika hadisi. Mu kaye zao luga ya ǀXam iko upande mumoja, Kiingereza upande wa pili. Humo muko hadisi za ǀKaggen, mududu anayekunja mikono kama anasali, aliyemuumba pofu, ule nyama mukubwa wa pori. Muko na hadisi ya mwezi na sungura, inayoeleza namna kifo kilivyoingia kwa watu. Taifa lililoletwa na minyororo lilikuwa na elimu ya hadisi isiyopungua ya Ulaya.

Kaye zilizobaki

Bleek alikuwa mugonjwa wa kifua miaka mingi. Alikufa tarehe 17 mwezi wa nane 1875, akiwa na miaka 48. Mzee ǁKabbo alimufuata mwanzo wa 1876. Lucy alipewa kazi ya shemeji yake mu nyumba ya vitabu, kwa nusu ya mushahara, na akaendelea kuandika. Ilimuchukua mpaka 1911 kupata kutoa buku ya hadisi hizo. Mwaka wa 1913 inivesite ya Afrika ya Kusini ilimupa doktora ya heshima, akafa 1914. Binti ya Bleek, Dorothea, aliendeleza diksionere, ikatoka 1956, naye amekwisha kufa.

Kaye zile ziko na kurasa zaidi ya 12,000. Tangu 1997 UNESCO inazihesabu kati ya kumbukumbu za ulimwengu. Leo hakuna mutoto anayezaliwa mu luga ya ǀXam, imekufa. Lakini mwaka wa 2000 Afrika ya Kusini, kutafuta maneno ya kuandika ku alama mpya ya taifa, iliyachukua mu luga hiyo. Bila wafungwa wale na kaye zile, hakungekuwa neno la kuchukua.

Njo jibu letu kwa wazazi. Masomo haya hayatoi shaba. Yanalinda kitu ambacho kikipotea hakuna mashini ya kukichimba tena. Mu makambi yetu watoto wanasema Kiswahili na Kifaransa. Luga ya babu na tate inabaki ku kijiji, tena kwa wazee peke yao. Siku mutoto wa inivesite atakapofika na kaye yake kumuuliza mzee jina la samaki, la chombo cha kuyeyusha shaba zamani, ao hadisi ya mwezi, asifukuzwe kama mutu asiye na kazi. Na yeye akumbuke kwamba mbele ya mzee, hata akiwa dokta, yeye njo mwanafunzi.