ABU RAYHAN AL-BIRUNI, MWENYE KUONA NA KUULIZA

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa nchi ya Khwarizm mwaka 362 wa Hijra (973). Mwaka 408 (1017) Sultani Mahmud wa Ghazna aliitwaa nchi ile, na al-Biruni akachukuliwa Ghazna. Sultani akipiga vita Bara Hindi, al-Biruni naye akaingia huko kutafuta ilimu.

Wengi walikuwa wamekwisha andika khabari za dini ya Wahindu kwa kusikia tu, huyu akimnakili huyu, na uwongo ukazidi. Al-Biruni hakuridhika. Naye umri umepita miaka 40, alijifunza lugha ya Kisanskriti, akakaa na Mabrahmani akiwauliza, akasoma vitabu vyao, akapima yasemwayo kwa yaonekanayo.

Mwaka 421 (1030) akatunga kitabu chake cha Bara Hindi, akieleza itikadi, ndoa, saumu, sikukuu na hesabu za nyota. Hakuwazulia maovu wala hakuyaficha mema yao. Kila kauli aliirudisha kwa mwenyewe, na Uislamu wake haukupungua. Tena alitaja waziwazi ya kuwa vita vya Sultani viliwatawanya Wahindu na kuwatia chuki juu ya Waislamu, hata kuwajua kukawa kuzito.

Alikufa Ghazna yapata mwaka 440 (1048). Basi mwenye kutaka kuwajibu watu wa dini nyingine, na awajue kwanza. Kwani ushahidi ni amana, na mwenye kumzulia khasimu wake huibomoa hoja yake mwenyewe.