Allvar Gullstrand: Tabibu Aliyeimulika Konea

Konea ni ukuta angavu ulio mbele ya jicho. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita tu, lakini ndiyo inayotekeleza sehemu kubwa ya kazi ya kuipinda miale ya nuru iingiayo jichoni. Aidha, uangavu huo huo unaotuwezesha kuona ndio uliokuwa ukiwatatiza matabibu, kwani kitu kinachopitisha nuru yote ni vigumu kukichunguza. Aliyelitatua tatizo hili ni Allvar Gullstrand.

Gullstrand alizaliwa tarehe 5 Juni 1862 katika mji wa Landskrona, kusini mwa Uswidi. Baba yake alikuwa tabibu, naye mwana akafuata nyayo. Alisomea Uppsala, Vienna na Stockholm, akahitimu shahada ya uzamifu mwaka 1890. Mwaka 1894 aliteuliwa kuwa profesa wa tiba ya macho katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Elimu ya nuru na hisabati yake, kwa kiasi kikubwa, alijifunza mwenyewe.

Mwaka 1911 ulikuwa wa fanaka kwake. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wake kuhusu jinsi jicho linavyoipinda miale. Mwaka huo huo aliwaonyesha wenzake mjini Heidelberg taa aliyoibuni. Badala ya kulifurikisha jicho kwa nuru, aliipitisha nuru kali katika mwanya mwembamba, ikaingia kwa mshazari mithili ya wembe. Tabibu aliyetazama kutoka pembeni aliiona konea kana kwamba imekatwa kipande, naye akaweza kubaini kovu limefika kina gani. Baadaye taa hiyo iliunganishwa na hadubini, na hadi leo haikosekani katika kliniki za macho. Baadhi ya vyombo vya kisasa vinavyopiga picha za konea, hata seli zake zikaonekana, vingali vinatumia wazo la mwanya.

Hata hivyo, maisha ya msomi huyu yana upande mwingine. Akiwa mjumbe wa kamati ya Nobel ya fizikia, alikabidhiwa jukumu la kuitathmini nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein. Aliipinga, akishikilia kwamba athari zake zilikuwa ndogo mno kuweza kupimwa kwa uhakika. Tuzo ya mwaka 1921 ikazuiliwa. Einstein aliipata mwaka 1922, lakini kwa kazi nyingine iliyohusu nuru na elektroni. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo Gullstrand alichapisha suluhisho la milinganyo ya Einstein kwa nia ya kuonyesha kasoro ya nadharia hiyo. Leo suluhisho hilo, linalobeba jina lake pamoja na la Mfaransa Paul Painlevé, huwasaidia wanafizikia kueleza mashimo meusi ya angani.

Gullstrand alifariki jijini Stockholm tarehe 28 Julai 1930. Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Umahiri wake ulikuwa wa kweli, na kosa lake pia. Msomi anayepewa mamlaka ya kuhukumu kazi za wenzake hana budi kukumbuka kuwa sifa aliyoipata katika uwanja mmoja haimpi macho ya kuona kila uwanja.