Michael Faraday na Barafu Kavu

Bila shaka umewahi kufungua chupa ya soda. Kizibo kinapotoka husikika mlio, na mapovu hupanda juu. Mapovu hayo ni gesi ya kabonidayoksaidi, ile ile tuitoayo tunapopumua. Gesi hiyo ikishindiliwa na kupoozwa sana huwa kioevu, na hatimaye huwa kitu kigumu cheupe kiitwacho barafu kavu. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyechunguza gesi zilizofungiwa, na utaona jinsi elimu hiyo iwezavyo kukukinga na ajali.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini mwenye afya dhaifu. Kwa hiyo Michael alisoma shule kidogo tu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza ufundi wa kutia vitabu majalada. Mchana alivishona vitabu. Alipopata nafasi alivisoma. Hivyo ndivyo alivyoanza kuipenda sayansi.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza mwanasayansi mashuhuri, Humphry Davy. Faraday aliyaandika yote aliyoyasikia, akayatia jalada zuri, akampelekea Davy. Mwaka huo huo Davy aliumia macho jaribio lilipolipuka, na Faraday akaitwa amwandikie kwa siku chache. Mwezi Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wake katika maabara.

Mwaka 1823 Faraday alizifungia gesi ndani ya mirija ya kioo. Gesi zilipokosa nafasi ya kutanuka, zilijishindilia zenyewe, na baadhi yake zikawa kioevu. Moja ya hizo ilikuwa kabonidayoksaidi. Lakini gesi iliyobanwa husukuma kuta za chombo chake kwa nguvu nyingi. Zaidi ya mara moja mirija ilipasuka, na vipande vya kioo vikamwingia Faraday machoni. Kwa bahati njema hakupofuka.

Mwaka 1835 Mfaransa aitwaye Thilorier alikuwa mtu wa kwanza kuipata kabonidayoksaidi iliyo ngumu. Alipokifungulia kioevu chake kutoka katika chombo cha chuma, sehemu yake iliruka kama gesi, na sehemu nyingine ikaganda kama theluji. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mwishoni mwa mwaka 1840, mjini Paris, chombo cha namna hiyo kilipasuka na kumwua kijana aliyekuwa akikitumia.

Hata hivyo Faraday hakuiacha theluji hiyo. Aliichanganya na kioevu kiitwacho etha, na gesi iliyotoka akaivuta kwa pampu. Kwa njia hiyo alipata ubaridi wa nyuzi 110 za sentigredi chini ya sifuri. Mwaka 1845 alitangaza kwamba gesi kadhaa zilizokuwa zimewashinda watu zimegeuka kuwa kioevu.

Faraday alipenda sana kuwafundisha watoto. Wakati wa Krismasi aliwafanyia majaribio mbele ya macho yao. Kwa kutumia mshumaa aliwaonyesha kuwa kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, na kwamba huzima moto. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Siku hizi barafu kavu hutumika kusafirishia samaki, aiskrimu na baadhi ya chanjo. Huenda siku moja ikafika nyumbani kwenu ndani ya sanduku. Ubaridi wake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka moja kwa moja kuwa gesi. Kilo moja tu hutoa gesi zaidi ya lita 500! Sasa fikiri: gesi hiyo yote ikifungiwa ndani ya chupa, itakwenda wapi? Chupa itapasuka kama mirija ya Faraday. Nayo ikijaa chumbani, hutuama chini, pale alalapo mtoto mchanga juu ya mkeka, na kumkosesha hewa ya kupumua.

Mambo ya kukumbuka

1. Usiiguse barafu kavu kwa mkono mtupu, kwa maana huunguza ngozi kama moto. Mwachie mtu mzima aliyevaa glavu nene.
2. Usiitie kamwe ndani ya chupa, wala chombo chochote kinachofungwa kikakaza. Itunzwe katika sanduku la kuhifadhia baridi ambalo kifuniko chake hakikubana.
3. Madirisha na milango iwe wazi. Usilale chumba kimoja nayo, wala usisafiri nayo ndani ya gari lililofungwa madirisha.
4. Usiile, wala usiitie kinywani.
5. Ukiumwa kichwa au ukihema kwa shida karibu nayo, toka nje upesi ukamwite mtu mzima.
6. Iliyobaki iachwe iishe yenyewe nje, mahali penye upepo, mbali na watoto na wanyama. Isitupwe chooni.

Faraday aliyapata mafunzo haya kwa maumivu. Wewe umeyapata kwa kusoma. Wafundishe na wadogo zako.

Maswali

1. Kwa nini mirija ya Faraday ilipasuka?
2. Barafu kavu na barafu ya maji zinatofautianaje zikipata joto?
3. Dada yako anataka kuitia barafu kavu ndani ya chupa na kuifunga. Utamweleza nini?
4. Kwa nini mtoto alalaye chini yumo hatarini kuliko mtu aliyesimama?