Mvuke na Moto: Maisha ya Maurice Egerton wa Njoro

Ni nadra kumpata mkazi wa Nakuru asiyelifahamu jina la Egerton. Jina hilo limo katika chuo kikuu kilichoko Njoro, na limo pia katika kasri la mawe lililoko Ngata, kilomita chache kutoka mjini. Wageni wanaolizuru kasri hilo husimuliwa kisa cha mwanamume tajiri aliyemjengea mchumba wake nyumba, mchumba akaidharau na kwenda zake, naye mwenye nyumba akabaki mkiwa, hataki kumwona mwanamke yeyote hadi kufa kwake. Kisa hiki kina utamu wa ngano. Hata hivyo, kama ilivyo kawaida ya ngano tamu, kimeyafunika mambo mengine ambayo yana uzito zaidi. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya Maurice Egerton kwa kuanzia mahali ambapo wasimulizi wengi hawapagusi, yaani kwenye injini.

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874 katika ukoo wa makabaila wa Uingereza waliomiliki Tatton Park, shamba kubwa katika jimbo la Cheshire. Baba yake, Alan de Tatton Egerton, alikuwa mbunge kwa zaidi ya miaka 20. Kijana wa ukoo kama huo angeweza kuyamaliza maisha yake kwa farasi na karamu bila kulaumiwa na mtu. Lakini Maurice alikuja kuwa mtu mzima wakati ambapo farasi alikuwa akipata mshindani. Mwaka 1886, alipokuwa na umri wa miaka 11, Karl Benz wa Ujerumani alipata hataza ya gari lililoendeshwa kwa injini ya petroli. Egerton mwenyewe alikuja kumiliki gari la Benz la mwaka 1900, na sheria ya kuyasajili magari ilipoanza kutekelezwa nchini Uingereza mwaka 1904, gari lake ndilo lililopewa nambari M 1, ya kwanza kabisa katika Cheshire.

Ili tuelewe kumiliki gari wakati huo kulimaanisha nini, yafaa tutue kidogo na kuitazama injini yenyewe. Petroli ikiwa majimaji haiwaki kama inavyodhaniwa. Kinachowaka ni mvuke wake, tena sharti mvuke huo uchanganyike na hewa kwa kipimo kinachofaa. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue yote. Hewa ikizidi mno, cheche hukosa cha kuwasha. Petroli ikizidi, injini hukohoa moshi mweusi na plagi hujaa masizi. Basi kazi kubwa iliyowakabili mafundi wa kwanza haikuwa kuupata moto, kwa kuwa cheche ilikuwa imekwishapatikana. Kazi ilikuwa kuyageuza majimaji kuwa mvuke kwa haraka, kwa kipimo kile kile, mara mamia kwa dakika.

Benz alilitatua tatizo hilo kwa njia nyepesi. Alikiweka kiasi cha petroli ndani ya chombo kilichopashwa moto kwa moshi uliotoka kwenye injini, kisha akaifanya hewa ipite juu ya petroli hiyo na kuubeba mvuke uliokuwa ukipanda. Njia hiyo ilifanya kazi, ila ilikuwa na kasoro zake. Sehemu nyepesi za mafuta zilitangulia kuvukiza, zikaacha nyuma mafuta mazito yasiyotaka kuwaka. Siku ya baridi mvuke ulipungua na siku ya joto ukazidi. Barabara mbovu nayo iliyatikisa mafuta chomboni, na kipimo kikavurugika. Aliyeliendesha gari la namna hiyo ilimbidi awe dereva na fundi kwa wakati mmoja, akiisikiliza injini kama mama amsikilizavyo mtoto mgonjwa.

Ufumbuzi bora ulikuja mwaka 1893. Wilhelm Maybach huko Ujerumani, na Donát Bánki pamoja na János Csonka huko Hungaria, waliunda karbureta ya kurashia. Badala ya kungoja petroli ipande yenyewe kama mvuke, waliipitisha kwenye tundu jembamba lililowekwa katika njia ya hewa. Hewa inayovutwa na pistoni iliinyonya petroli ikatoka kama manyunyu, na matone hayo madogo yakavukiza upesi kwa sababu yaliguswa na hewa pande zote. Boya dogo ndani ya chombo cha pembeni lilihakikisha kwamba petroli haipandi wala haishuki kupita kiasi. Karbureta ambazo mafundi wetu wa Nakuru walizifungua na kuzisafisha kwa miongo mingi zilitokana na wazo hilo hilo.

Egerton hakuridhika na barabara. Alifahamiana na ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, ambao tarehe 17 Desemba 1903 walikuwa wamerusha ndege ya kwanza yenye injini inayoongozwa na rubani. Injini ile, iliyoundwa na fundi wao Charlie Taylor kwa muda wa wiki sita hivi, haikuwa hata na karbureta ya kurashia. Petroli ilitiririka kutoka kwenye tangi dogo lililotundikwa juu, ikaingia katika chumba chenye kina kifupi kilichopata joto la injini, ikageuka mvuke hapo na kuvutwa pamoja na hewa kuelekea silindani. Injini zao zilizofuata zilitumia pampu ndogo iliyosukuma petroli moja kwa moja ndani ya njia ya hewa.

Kampuni ya ndugu watatu wa ukoo wa Short ilipata kibali cha kuunda ndege sita za muundo wa Wright katika kisiwa cha Sheppey, Uingereza. Mmoja wa wateja wa ndege hizo sita alikuwa Egerton, na mwingine alikuwa Charles Rolls, ambaye jina lake lingali kwenye magari ya Rolls-Royce. Mwaka 1910 Egerton alipewa cheti cha urubani nambari 11 cha Royal Aero Club. Haukuwa mchezo usio na gharama. Mwezi Julai mwaka huo huo Rolls alifariki ndege yake ilipovunjika angani huko Bournemouth. Mwezi Desemba Cecil Grace, mteja mwingine wa ndege hizo, alipotea juu ya bahari baina ya Ufaransa na Uingereza na hakuonekana tena. Egerton alisalimika.

Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akarithi cheo na mali, akawa kabaila wa nne wa Tatton. Katika muongo huo huo alianza kujipatia ardhi katika Bonde la Ufa. Nakuru alioukuta ulikuwa mji wa reli na wa walowezi. Njoro ilikuwa imekwishajulikana kwa majaribio ya ngano ya Lord Delamere, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilianzisha huko kituo cha kuzalisha mbegu za ngano zinazostahimili kutu.

Nyanda hizo zilikuwa na somo lake kwa mtu wa injini. Njoro iko zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Karbureta iliyopimwa pwani ikipandishwa huko hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana, na injini hupoteza nguvu. Jua la mchana likipasha bomba la mafuta, petroli huweza kuchemka na kuvukiza kabla ya wakati wake, na mapovu yakaziba njia. Mvuke uleule unaohitajika silindani huwa adui ukizaliwa bombani.

Trekta za enzi hiyo ziliongeza ugumu mwingine. Nyingi, Fordson ikiwa mojawapo, zilitumia mafuta ya taa kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa bei. Mafuta ya taa ni mazito, hayavukizi bila kupashwa moto. Hivyo mkulima aliiwasha injini kwa petroli kidogo, akaiacha ipate joto, ndipo alipogeuza bilula ya kuingiza mafuta ya taa, ambayo yalipitia kwenye kivukizaji kilichopashwa kwa moshi wa injini. Aliyefanya pupa aliyaona matone yasiyovukizwa yakiosha oili kwenye kuta za silinda, na injini ikalika kabla ya msimu kwisha. Kilimo cha mashine kilihitaji elimu.

Mwaka 1939 Egerton alianzisha shule ya kilimo huko Njoro. Hapa ndipo penye fundo la maisha yake. Shule hiyo ilikusudiwa vijana wa Kizungu peke yao. Waafrika walikuwapo katika mashamba yote yaliyoizunguka, ila walikuwapo kama vibarua. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka sehemu hizi kwa mikataba ya 1904 na 1911. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mwenye kuishi katika shamba la mlowezi amfanyie kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mikono iliyolima, iliyobeba mapipa ya mafuta na iliyozungusha mtaimbo wa kuwashia trekta asubuhi ya baridi ilikuwa mikono ya watu hao. Walikuwa karibu na mashine kuliko mwanafunzi yeyote, lakini mlango wa darasa ulifungwa mbele yao.

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, ukachelewa kwa sababu ya vita vikuu vya pili, na haukukamilika hadi 1954. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1940, viwanja vyake vya Tatton vilitumiwa na askari waliokuwa wakifunzwa kuruka kwa miavuli kutoka angani. Kasri la Ngata lilipokamilika, Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na mashamba ya Bonde la Ufa yalikuwa yamepoteza maelfu ya vibarua waliofukuzwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Bwana mmoja asiye na mke wala mtoto aliishi katika jumba kubwa la mawe, ilhali waliolima ardhi ile hawakuwa na hakika ya kulala kesho walipolala leo.

Egerton alifariki tarehe 30 Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 83. Kwa kuwa hakuacha mrithi, cheo cha ukoo wake kilikufa pamoja naye. Tatton aliiachia amana ya taifa ya Uingereza. Chuo cha Njoro, ambacho kilikuwa kimeanza kwa ekari 740, kilipata kutoka kwake ekari nyingine 1,100 mwaka huo wa 1958. Muda mfupi baadaye mlango ulifunguliwa. Chuo kilianza kuwapokea wanafunzi wa rangi zote, kutoka Kenya na kutoka nchi nyingine za Afrika. Mwaka 1986 kilifanywa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya bunge.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, walisema wahenga, ingawa Egerton hakuwa mnyonge hata siku moja. Haki yake ni kwamba alizipenda injini tangu zilipokuwa zikikohoa, akazipeleka barabarani na angani wakati wenzake wakifa kwazo, na akaacha shule mahali ambapo wengine waliacha magofu. Haki ya waliofungiwa nje nayo haipaswi kusahauliwa. Shule yake ilidumu karibu miaka 20 ikiwa mali ya wachache, na katika miaka hiyo mchango wake kwa nchi ulikuwa mdogo kama eneo la wale iliowapokea. Ilipofunguliwa, ilitoa maafisa wa kilimo, walimu na watafiti waliotawanyika kote nchini.

Mtu aliyemiliki Benz la mwaka 1900 hakukosa kujua kwamba mafuta yaliyofungiwa chomboni hayamsogezi mtu hata hatua moja, mpaka yakutane na hewa. Elimu nayo ina tabia hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba aliyeijua kanuni hii kwenye injini hakuitumia kwa watu katika uhai wake. Sisi tunaosoma leo katika vyuo vilivyofunguliwa baada ya kufungwa tuna wajibu wa kumkumbuka Egerton bila chuki na bila kumpamba, na wa kuwakumbuka pamoja naye wale waliouzungusha mtaimbo wa trekta wasipate kuandikwa popote.