Mshairi Aliyeshika Bunduki

Wanachama wenzangu, Chinua Achebe mnamjua nyote. Lakini Christopher Okigbo je? Leo nataka niwasimulie habari za huyu sahibu yake.

Alizaliwa 1932 huko Ojoto, mashariki mwa Nigeria. Yeye na Achebe walisoma shule moja Umuahia, kisha wote wakapitia Ibadan, ambako Okigbo alisomea Kigiriki na Kilatini. Aliwahi kuwa mwalimu, tena mkutubi wa chuo kikuu cha Nsukka, huku akitunga mashairi mazito kwelikweli. (Mimi huyasoma mara tatu ndipo nipate mwanga.) Mwaka 1966 alipewa tuzo ya ushairi ya Dakar, akaikataa katakata, ati shairi halina rangi ya ngozi!

Mwaka 1967 Nigeria ilipogawanyika, marafiki hawa walifungua kampuni ya kuchapisha vitabu mjini Enugu, wakaiita Citadel Press. Wakaanza kutayarisha hadithi ya watoto kuhusu chui. Kabla haijatoka, Okigbo akaingia vitani upande wa Biafra. Aliuawa mwaka huohuo karibu na Nsukka, kulekule alikotunza vitabu.

Ali Mazrui, Mkenya mwenzetu wa Mombasa, aliandika riwaya, 1971, akimshtaki Okigbo huko ahera kwa kutanguliza kabila mbele ya sanaa. Mimi naona kesi hiyo ilikuwa kali mno. Nyumba ikiwaka moto, nani atakaa kutafuta vina? Achebe naye alikimaliza kile kitabu cha chui, kikatoka 1972, na shairi la Okigbo limo ndani.